Ruta Mbili za Mzee Jagdish

Benchi la Hezekiah, muuza kahawa, linatazamana na stoo ya Mzee Jagdish, na duka la Mzee liko nyuma yake. Asubuhi hiyo ya Juni 2008 Nderitu, fundi wa kompyuta, alikuwa amepewa mpaka saa sita: kompyuta za duka ziwasiliane na za stoo ng'ambo ya barabara, ama aitwe fundi wa Nairobi. Ruta ya duka, kile kifaa cha kupitishia ujumbe wa kompyuta, aliiweka yeye; ya stoo, fundi mwenzake Kemboi. Walikuwa wamefanya kazi pamoja Nakuru miaka minne. Tangu Januari, nyumba ya Nderitu ilipochomwa na vijana wa kabila la Kemboi kule mtaa wa Rhonda, katika ghasia za uchaguzi, walikuwa hawajasemezana, na kila mmoja alimaliza upande wake bila kumuuliza mwenzake.

— Hiyo ni waya, akasema Njuguna, waliyemwita Bibisii kwa kujua habari zote. Panya za stoo zikishiba mahindi, zinamalizia na waya.

— Waya nimepima, iko sawa, Nderitu akamjibu.

— Basi ni serikali! akadakia Nyongesa mshona viatu, yaani Profesa. Tangu zile SMS za chuki za Januari, kitu ikivuka barabara lazima ipelekwe Nairobi isikizwe kwanza. Inachokea njiani.

— Achaneni na serikali, akasema Hezekiah akimimina. Hizo mashine zimegawana kikabila. Za stoo zimeskia ni nani ameshika za duka, zikanuna.

Wakacheka kile kicheko kibaya cha mwaka ule. Nderitu hakucheka. Tangu jana alijua shida iko wapi, na ilimuuma. Ruta yake ilijua njia ya kwenda stoo, na ujumbe ulikuwa ukifika. Ya Kemboi haikuwa imeambiwa mtandao wa duka uko wapi, basi jibu lilikosa pa kupitia. Kumpa Kemboi namba za mtandao wa duka ilikuwa kazi ya dakika mbili. Lakini heri upuzi wa Profesa kuliko kuvuka barabara.

Akaja Tabby, karani mpya wa stoo.

— Sasa wazee. Nipeeni mbili, moja ni ya Kemboi. Ameangalia hiyo ruta tangu saa mbili mpaka macho imekuwa red. Si fundi aende waongee?

— Wewe ni mgeni, Bibisii akamwambia. Huyu na Kemboi hawaongei.

— Kwani Kemboi alimfanyia nini?

Bibisii akamtazama Profesa. Profesa akachungulia kikombe chake. Hezekiah akamimina cha Tabby polepole kupita kiasi.

— Si yeye alichoma, Nderitu akasema. Alikuwa kwao, Bomet. Hiyo siku alinipigia simu mara tatu. Sikushika.

— Sasa alikufanyia nini? Tabby akarudia, bila ubaya wowote.

Nderitu alilitafuta jibu kwa bidii, kama mtu anayejipapasa mifukoni akitafuta funguo. Tabby akachukua vikombe vyake viwili, akavuka barabara. Hakuna aliyemfuata.