Bi Mwanatabu na Sinia la Wasimamizi

Hamjambo, wasikilizaji wapendwa. Sogezeni redio karibu, na aliye jikoni apunguze moto. Leo namkumbuka Bi Mwanatabu wa Mishomoroni, tuliyemzika Ijumaa iliyopita. Naomba radhi mapema: nitacheka. Mwenyewe hangenisamehe nikilia mpaka mwisho.

Bi Mwanatabu alikuwa fundi wa cherehani, lakini wengi walimjua kwa Mji wa Jumamosi. Alianzisha mchezo huo mwaka 1986, katika uwanja wa Mzee Mwidani. Haukuwa mchezo wa kuandikwa. Ukifika, unachagua wewe ni nani: hakimu, mganga, bwana harusi, mwizi wa kuku. Kisha unaishi hivyo mpaka adhana ya magharibi. Muuza samaki alikuwa waziri, na alijivuna kweli.

Lakini mzaha mzaha, hutumbuka usaha. Siku moja mwizi wa mchezo alipigwa makofi ya kweli. Mzee Mwidani akaja juu: "Ugomvi ukizuka tena, uwanja naufunga!" Basi Bi Mwanatabu akatafuta wasimamizi wa kujitolea. Watu wa kukaa kando, kutazama, na kusema "basi" mchezo unapovuka mpaka. Bila wasimamizi, hakuna Mji.

Waliojitokeza walikuwa tele. Cheo, hata cha bure, ni kitamu! Bi Mwanatabu hakuwauliza lolote. Aliwapikia pilau, akawakalisha kwenye masinia, nyama katikati, akawatazama wakila. Bintiye, Dhahabu, anakumbuka: "Mama alinambia, mwenye kutaka rungu usimpe rungu. Nitafutie amsongezeaye mwenziwe nyama."

Wallahi, walichimba katikati kama wachimba mawe wa Mwakirunge. Mmoja tu hakuchimba. Elkana, kuli wa bandarini, mtu wa bara. Kwao nyama hugawiwa, naye alidhani kugawa ndiyo kazi aliyoitiwa. Akamwekea kila mtu fungu lake, akabaki na wali mtupu. Wenzake wakamcheka. Bi Mwanatabu akasema, "Huyu."

Manung'uniko ya wenzake! "Mtu wa bara atusimamie sisi?"

"Sikutafuta wa kusema," akawajibu. "Nimetafuta wa kuona."

Jumamosi iliyofuata Bi Mwanatabu alicheza mke mdogo, na shoga yake, Bi Kafedha, mke mkubwa. Alitamba, akazunguka uwanja, akamrushia mwenziwe: "Aliyechokwa haambiwi, hujionea!" Watu wakaangua kicheko. Kumbe mume wa Bi Kafedha alikuwa ameoa mke wa pili kweli, mwezi ule ule. Bi Kafedha akajifuta macho kwa upindo wa kanga. Ndugu zake wakaanza kusimama. Bi Mwanatabu mchezo ulikuwa umemkolea, hakuona. Elkana aliona.

"Basi, Mama Dhahabu," akasema. "Toka kwa mchezo. Kaa benchi."

Nani amtoe mwenye mchezo? Bi Mwanatabu akamtazama, akatazama kanga ya shoga yake, na ndipo alipofahamu. Akaenda benchi, akakaa, mikono mapajani. Kisha akamwendea Bi Kafedha, akamwomba radhi mbele ya wote. Ndugu wakakaa. Uwanja haukufungwa. Njiani kurudi nyumbani alikuwa akicheka peke yake: "Nimempata msimamizi!"

Tangu siku ile miaka mingi imepita, na Mji ungali hai. Elkana bado anachagua wasimamizi kwa sinia. Matangani aliniambia, "Watu husema mimi nilikuwa jasiri. Mimi nilikuwa natetemeka. Jasiri ni yeye aliyeenda benchi."

Dhahabu na jamaa wote, poleni sana. Sote ni wa Mwenyezi Mungu, na kwake tutarejea. Amrehemu Bi Mwanatabu, ampe makao mema. Nanyi wasikilizaji wapendwa, mkiketi kwenye sinia leo, tazameni mikono yenu inaisukuma nyama upande gani. Na ukiambiwa "basi" na mtu uliyemchagua mwenyewe, je, utaenda benchi?

Jumamosi hii Mji unachezwa kama kawaida. Ndivyo alivyousia. Bi Kafedha ameniambia safari hii mke mdogo ni yeye.