Usimwandike Amepotea

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Vuteni viti, na aliye jikoni aje na mwiko wake mkononi. Leo tunamkumbuka mtafiti mmoja aliyetutoka Jumapili, wiki nne sasa. Moyo ulisimama akiwa anafunga kamba za viatu. Nasema wiki nne. Shikeni hapo, tutapahitaji.

Samahani kwa jambo moja. Kama mnasikia kitu kinagonga kwa mbali, tik, tik, si redio yenu. Fundi wetu wa mitambo anakitafuta tangu asubuhi na bado hajakiona.

Wanafunzi wake walimwita Bibi Nipo. Hakuwa na mjukuu, wala hakuzaa. Jina lilitokana na kazi. Alikuwa anawatafuta watu walioacha kwenda kliniki ya afya ya akili. Mtu anakuja mara mbili tatu, anapewa dawa, anapewa tarehe ya kurudi, halafu haonekani tena. Kwa nini? Swali hilo ndilo alilolala nalo na kuamka nalo.

Mdogo wake ni fundi cherehani. Aliniambia jambo hili lilianzia nyumbani.

"Baba yetu alikuwa anahudhuria kliniki," alisema. "Siku moja akaacha. Hakuna aliyepiga simu kuuliza. Baadaye dada akaliona faili lake. Limeandikwa neno moja tu: amepotea. Na baba yuko sebuleni, amekaa, anatazama ukuta! Amepotea wapi?"

Basi dada mtu akasoma. Akapata shahada ya uzamivu. Akaandika maombi ya ruzuku ya utafiti, yakakataliwa. Akaandika tena, yakakataliwa. Mara ya sita wafadhili wakakubali, nadhani kwa kuchoka. Ilikuwa ruzuku ya miaka mitano, ya kuwafundisha watafiti wenye uzamivu namna ya kuchunguza huduma za afya ya akili. Ndiyo, mmesikia vizuri. Mtu ana uzamivu, ana miwani, ana mvi za kuhesabika, na bado anaitwa mwanafunzi. Elimu haina mwisho, jamani.

Somo la kwanza lilikuwa kukaa. Mwezi mzima unakaa kwenye benchi la korido ya kliniki, pamoja na wagonjwa, bila kalamu. Mwanafunzi wake wa mwisho, kijana makini anayeongea kwa kupima maneno, alikiri kwamba alinuna.

"Nimesoma miaka ishirini na mbili, naambiwa nikakae benchi! Wiki ya tatu ndipo nilipoona. Wanaoacha huondoka kabla hawajaitwa. Wanamwona mtu wanayemfahamu, wanainuka kama wanaokwenda msalani, basi."

Somo la pili lilikuwa simu. Kila Jumanne, saa nne asubuhi, Bibi Nipo alikaa mezani kwake na kumpigia mtu aliyeacha. Alisema maneno matatu: "Nipo. Sina haraka." Kisha alinyamaza. Dakika tano, dakika kumi, kimya. Upande wa pili ulisikia feni tu. Feni ile ilikuwa na bawa lililopinda, na kila ikizunguka iligonga: tik, tik. Hakutaka itengenezwe. "Mtu akiisikia feni," alisema, "anajua sijakata simu."

Somo la tatu: hakuna ruhusa ya kuandika "amepotea". Fomu ya wafadhili ina visanduku vitatu kwa kila mshiriki: amerudi, amekataa, amepotea. Washiriki walikuwa arobaini. Aliwapata thelathini na tisa. Wengine walirudi. Wengine walikataa kwa matusi, naye akayaandika matusi yote kwa mwandiko mzuri. Akabaki mmoja tu, mshiriki namba arobaini. Kliniki alitoa jina la uongo. Alihama nyumba. Miaka miwili iliyopita akabadilisha laini ya simu. Orodha yenyewe haina majina, kwa ajili ya siri za watu. Ina namba ya mshiriki na simu, na simu hiyo haiiti tena.

Bibi Nipo akafariki namba arobaini hajapatikana. Na ripoti inatakiwa keshokutwa, Ijumaa.

"Nikiandika amepotea, ripoti imekamilika," mwanafunzi wake aliniambia. "Ruzuku itaongezwa, na watafiti wapya wanne wataanza mafunzo. Nikiacha wazi, ripoti itarudishwa na mradi utafungwa. Ni neno moja tu. Lakini kila nikishika kalamu, mkono unagoma."

Wasikilizaji wapendwa, sasa nisikilizeni taratibu.

Baada ya mazishi ofisi ilifungwa. Umeme wa chumba kile ulizimwa, na ufunguo akabaki nao mwanafunzi. Jumanne ya kwanza, saa nne asubuhi, mama anayefanya usafi alikuwa anapiga deki korido. Akaisikia feni. Tik, tik. Akajiambia ni masikio ya uzee, akaendelea na deki yake, ila kwa haraka zaidi. Jumanne ya pili akaisikia tena. Hapo akaacha ndoo na kumwita mwanafunzi. Wakafungua mlango. Feni imetulia. Kiti kimevutwa nyuma, kama mtu aliyetoka kuinuka. Mwanafunzi akagusa mkono wa simu.

"Ulikuwa na joto," aliniambia. "Joto la sikio la mtu."

Mdogo wake alipoelezwa hakushtuka hata kidogo. "Dada yangu ni mbishi," alisema, huku anatunga uzi kwenye sindano. "Nilijua kifo kitapata tabu naye."

Haya yote mwanafunzi alinieleza wiki iliyopita, amekaa kwenye kiti hiki kilicho mbele yangu. Nilitikisa kichwa. Nilimuuliza maswali ya mtangazaji. Kuna jambo sikumwambia.

Jumanne ile ile waliyofungua mlango, saa nne na dakika chache, simu yangu iliita. Nikapokea. Sauti ya mwanamke ikasema: "Nipo. Sina haraka." Kisha kimya. Na ndani ya kimya, tik, tik. Nikakata. Jumanne iliyofuata ikaita tena. Jana ikaita tena. Sauti ile naijua. Ilikuwa ikinipigia zamani, kwenye laini yangu ya kwanza, na niliitupa laini ile ili isinipate.

Mshiriki namba arobaini ni mimi.

Nilihudhuria kliniki ile miezi minne. Nilikuwa nasikia watu wakinisema ndani ya vipokea sauti hivi ninavyovaa sasa. Dawa zilinisaidia. Halafu siku moja nikamwona jirani yangu kwenye korido. Nikainuka kama ninayekwenda msalani. Aibu, wasikilizaji. Ni aibu tu, hakuna kingine. Mke wangu, najua unanisikia hapo kazini kwako. Hukujua. Jioni utaniuliza, nami nitakujibu yote.

Mtasema labda maradhi yamerudi, anamsikia nani huyu? Nami nimejiuliza hivyo hivyo, na nimeogopa. Lakini mlio huu ninausikia mimi, anausikia fundi wa mitambo, na simu zenu zinazoingia hapa zinauliza ni kitu gani kinachogonga. Studio hii haina feni.

Mwanafunzi wa mwisho, kalamu unayo? Mstari wa arobaini, andika: amerudi. Leo saa nane mchana nitakuwa kwenye benchi. Jirani akinikuta hapo, tutasalimiana.

Kwa mdogo wake pale kwenye cherehani, pole sana, mama. Kwa wanafunzi wake wote, na kwa mama wa usafi, poleni. Mmefiwa na mtu asiyekubali mtu yeyote afutwe kwa neno moja. Mungu ampumzishe, kama yeye mwenyewe atakubali kupumzika.

Na wewe unayenisikiliza, mfikirie mtu mmoja aliyeacha kuja. Kazini, msikitini, kanisani, mezani kwako. Mpigie, na ukimpata usiwe na haraka. Kama aliyeacha ni wewe, tafadhali rudi. Usingoje kufuatwa kama nilivyofuatwa mimi.

Tukae kimya kidogo kwa ajili yake.

Nipo, mama. Nimekusikia. Nipo.

Wasikilizaji wapendwa, fundi wa mitambo ananiuliza kwa ishara nimegusa nini. Mlio umekoma. Sijagusa kitu.