Watano na Yule: Maisha ya Adelgunda Kemilembe, 1979–2025

Adelgunda Kemilembe Aristides alizaliwa tarehe 14 Aprili 1979 nyumbani kwa wazazi wake, Nyaishozi, wilayani Karagwe. Alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Aristides na marehemu Mama Laurensia, wakulima wa migomba na kahawa. Watoto wa familia hiyo ni sita. Idadi inatajwa hapa mwanzoni kwa sababu kwa miaka mingi haikutajwa hivyo. Jina Kemilembe, kwa lugha ya nyumbani, ni la mtoto wa amani. Mama yake alikuwa akisema kwamba alilia kidogo kuliko ndugu zake, na alitazama watu kuliko wote.

Septemba 1986, akiwa na umri wa miaka saba, alishikwa na homa ya uti wa mgongo. Alibebwa kwa machela kwenda kutibiwa, akarudishwa kwa machela hiyo hiyo. Mchana mmoja hakuonekana tena kupumua. Kioo kilichowekwa puani hakikupata ukungu. Wanaume wakaenda kuchimba kaburi upande wa juu wa kibanja, shamba la nyumbani, kati ya migomba. Wanawake wakabandika maji ya kumwogesha. Maji yalipoanza kuchemka, mtoto alifumbua macho na kuuliza, "Mnampikia nani?"

Miguu yake haikurudi kama zamani. Tangu hapo alitembea kwa magongo. Likabaki suala la kaburi. Kwa mila ya ukoo, kaburi lililochimbwa halifukiwi tupu. Likifukiwa tupu humtafuta mwenyewe. Badala ya mtu huzikwa mgomba, ukiwa umefungwa kwa rubugo, ile nguo ya gome la mti. Mgomba huo hukatwa usawa wa ardhi, tunguu lake, shina la chini linalochipua, likaachwa shambani. Vijana waliotumwa siku ile walikuwa na hofu na haraka. Waliung'oa mzima, pamoja na tunguu, wakaufunga, wakauzika, kaburi likafukiwa. Ni kosa ambalo mkulima yeyote wa Nyaishozi anajua mwisho wake. Mvua zilipokolea, mgomba ukaota.

Hakuna aliyeukata, wala aliyekula ndizi zake. Mikungu iliiva, ikaanguka, ikaoza palepale. Majirani wakaacha kumsalimia Adelgunda. Haikuwa chuki. Walioulizwa baadaye walieleza kwamba mtu aliyekwisha kuzikwa ukiitikia salamu yake, na wewe anakuhesabu upande wake. Mzee Aristides alipoulizwa ana watoto wangapi, alijibu, "Watano." Kisha akaongeza, "Na yule."

Alianza darasa la kwanza mwaka 1989, akiwa na miaka kumi, katika shule ya msingi iliyokuwa karibu na nyumbani. Mwanzoni jina lake halikuitwa asubuhi, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amelipeleka. Wenzake walipomaliza kuitika, yeye alisema kwa sauti kutoka nyuma, "Nipo." Mwalimu aliendelea na somo. Kesho yake alisema tena. Dada yake Joanitha, aliyekuwa darasa la pili chumba cha jirani, anakumbuka kwamba sauti ile ilipita ukutani kila asubuhi, na watoto wa darasa lake waliinamisha vichwa. Ilipita hadi mwalimu alipochoka. Siku hiyo aliita, "Adelgunda Aristides," bila kuinua macho, na darasa likasikia kwa mara ya kwanza jina na jibu vikikaa pamoja. Alihitimu darasa la saba mwaka 1995.

Njiani kutoka shule alikuwa na desturi iliyowasumbua wakubwa. Alimsalimia kila mtu mzima, na asipoitikiwa alisimama mbele yake, akaegemea magongo. "Shikamoo," alisema. "Nasubiri." Wengi walipita pembeni, ndani ya mibuni. Mtu wa kwanza kumwitikia, kama alivyosimulia mwenyewe, alikuwa kijana mgeni aliyebeba mbao kichwani, wa familia yenye asili ya Rwanda iliyokuwa imehamia karibuni. Alikuwa mkubwa kwake kwa miaka minne tu, lakini alipata shikamoo yake.

"Marahaba," alijibu. "Mbona unanishikamoo kama babu yako?"

"Wewe itikia tu. Mengine tutapanga."

Kijana huyo aliitwa Benjamin Sebahire. Hakuwa ameambiwa habari za kaburi. Alipokuja kuambiwa, walikuwa wamekwisha kuzoeana. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 21 Juni 2003, kanisani Nyaishozi. Mungu aliwajalia watoto wawili, Gloriose na Nsanzimana. Inajulikana katika familia kwamba Sebahire ndiye wa kwanza kula ndizi za mgomba ule. Aliomba mkungu kwa wakwe zake wiki moja baada ya harusi, akaupika mwenyewe, akala na mkewe. Waliomwona walikaa siku kadhaa wakimwangalia. Alipoulizwa zilikuwaje, alisema, "Zina chumvi kidogo."

Marehemu alijifunza ushonaji mjini Bukoba kati ya mwaka 1997 na 1999, kisha akafungua duka la kushona Omurushaka, karibu na yanapoondokea mabasi ya Kyerwa. Alitumia cherehani ya mkono, kwa kuwa ile ya miguu haikumfaa. Sare za shule na magauni ya kwaya kutoka mkono wake bado vinavaliwa. Mshono wake ulikuwa mdogo na umenyooka. Hakuwahi kumpima mteja bila kumwambia anachopima.

Mwaka 2011 alianzisha kikundi cha vijana wenye ulemavu, kikikutana kwenye baraza la duka. Wanachama walitoka Omurushaka, Nyaishozi na Kituntu, na baadaye wilaya mpya ya Kyerwa. Alipoulizwa kikundi kitaitwaje, watu walitarajia Tumaini au Upendo. Yeye alisema kiitwe Na Yule. Mzee Aristides aliliona jina hilo kwenye kibao siku ya uzinduzi, akavua kofia, akasimama mbele yake muda mrefu. Binti yake alimletea kiti.

Kazi ya kikundi ilikuwa ndogo kuieleza na ngumu kuifanya. Kijana alifundishwa kusalimia na kusubiri jibu. Alifundishwa kuagiza sukari dukani mwenyewe, kumweleza mganga maumivu yake mwenyewe, kuongoza kikao, kupinga hoja, kushindwa kura na kurudi tena. Sharti lilikuwa moja: hakuna kumjibia mtu. Kila kikao kilifunguliwa kwa kuita majina, na kila mmoja alijibu "Nipo" kwa namna aliyoiweza, kwa sauti, kwa mkono, au kwa kugonga meza. Aliyechelewa kujibu alisubiriwa. Muda wa kusubiri haukuwa na kikomo.

Wengi hapa wanakumbuka mkutano wa hadhara wa mwaka 2016, mbele ya ofisi ya kijiji, ambapo Jenifa, binti wa Kituntu ambaye maneno humtoka kwa shida, alinyoosha mkono. Mwenyekiti wa kijiji alimgeukia mama yake Jenifa.

"Mama, huyu anasemaje?"

"Mwenyekiti," marehemu alisema kutoka kwenye baiskeli yake ya magurudumu matatu, "huyo ana mdomo wake. Ni kama lori la ndizi linapanda mlima. Usilisukume, litafika."

Watu walicheka, kisha wakakoma, kwa sababu marehemu hakucheka. Mkutano ulinyamaza. Walioshuhudia wanasema hawajapata kusikia kimya cha namna ile mchana kweupe. Kuku waliacha kuparua, na mtu mmoja aliondoka kwa kuhisi kwamba anayesubiriwa si Jenifa peke yake. Hatimaye Jenifa alisema, "Ngazi... za ofisi... zina-nizuia... mimi... si... shida." Njia ya mteremko ilijengwa mwaka uliofuata. Leo Jenifa ni mwenyekiti wa Na Yule.

Julai 2024 marehemu alianza kuvimba uso na miguu. Vipimo vilionyesha kwamba figo zimeshindwa kazi. Alitibiwa Bukoba na baadaye Mwanza. Daktari mmoja alimuuliza Sebahire, "Mama anajisikiaje?" Sebahire alijibu, "Yupo hapo, muulize," na daktari akaomba radhi, akamuuliza. Katika miezi hiyo mgomba wa Nyaishozi ulianza kuinama. Bwana shamba aliyeitwa alisema ni mnyauko, akashauri ung'olewe kabla haujaambukiza mingine. Haukung'olewa. Mingine haikuugua.

Desemba, akijua hali yake, aliwaita Joanitha na Lameck, katibu wa kikundi, ambaye haoni tangu kuzaliwa na huita majina yote kwa kichwa. Aliwaambia anataka kuzikwa Nyaishozi, katika kaburi lake.

"Kaburi lako lipi, dada?" Joanitha aliuliza, ingawa alijua.

"Safari ile mlinizika bila kuniuliza," marehemu alisema. "Safari hii niiteni kwanza. Lameck aite jina langu, kama kikaoni. Halafu msubiri."

"Dada, maiti haiitwi kaburini."

"Haiitwi kwa sababu mnaogopa itaitika."

"Na ukiitika?"

"Si mtakuwa mmeuliza?"

Hakutaka kujadili zaidi. Aliomba uji.

Alifariki nyumbani kwake Omurushaka Jumapili, tarehe 9 Februari 2025, mchana, mumewe na watoto wakiwa kando yake. Nyaishozi, mchana huo huo, mgomba ulianguka. Hapakuwa na upepo. Mzee Aristides aliusikia akiwa ndani, akatuma mtu kuuliza habari Omurushaka kabla simu haijapigwa.

Jumatatu wanachama walikutana barazani kupanga msiba. Lameck aliita majina kwa mpangilio wa siku zote, na hakuruka la marehemu. Aliita, akasubiri. Waliokuwepo hawakubaliani juu ya walichosikia. Jenifa anasema cherehani ilizunguka mara moja ndani ya duka. Duka lilikuwa limefungwa, na ufunguo ulikuwa kwa Sebahire. Wengine wanasema walisikia neno, la kawaida, kutoka mahali alipozoea kukaa. Kijana mmoja alimwambia Lameck aache mzaha, mtu hayupo.

"Ninyi mnaoona ndio mnasema hayupo," Lameck alijibu. "Mimi nimesikia." Akaendelea na jina linalofuata.

Ombi la marehemu lilileta mvutano katika ukoo. Kwa kawaida mke huzikwa kwa mumewe, lakini Sebahire aliridhia mapema. "Mimi nilimkuta ana mahali pake," alisema. "Sikumwoa ili nimnyang'anye." Baba mkubwa Ambrose, msemaji wa ukoo, alikataa yote mawili, kaburi na wito. "Shimo lile lilimkosa mara moja," alisema. "Limekaa miaka hii yote likimngoja. Mnataka tukampeleke, halafu tumwite atoke? Tuchague moja."

Jumanne kaburi lilifunguliwa hata hivyo, ili angalau lionekane lilivyo ndani. Udongo ulikuwa laini, nao wachimbaji hawakuhitaji sururu. Walitoa mizizi, kisha mabaki meusi ya tunguu. Chini kabisa walikuta rubugo. Haikuwa imeoza. Ilikuwa imekunjwa vizuri, pembe juu ya pembe, upande wa kichwa, kama mtu akunjavyo shuka anapoondoka kitandani. Wazee waliokuwepo mwaka 1986 wanakumbuka kwamba waliifunga kwa kamba. Kamba haikuonekana. Ambrose aliitazama, akaomba maji ya kunawa, na hakuzungumza tena juu ya suala hilo.

Mzee Aristides, ambaye hasikii vizuri na hatembei peke yake, aliulizwa jioni hiyo taarifa za familia kwa ajili ya ratiba hii ya mazishi. Mwandaaji alimuuliza ana watoto wangapi.

"Sita," alisema.

"Walio hai, Mzee?"

"Nimesema sita. Na yule mwiteni, kama alivyotaka. Mimi sikumwita. Mwiteni ninyi, nami nisikie."

Suala likaisha hapo.

Marehemu ameacha mume, Benjamin Sebahire. Watoto wawili, Gloriose na Nsanzimana. Baba yake, Mzee Aristides. Dada yake Joanitha na ndugu wengine wanne. Na wanachama wa Na Yule katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, ambao hakupenda waitwe watoto wake. Ni viongozi, alisema, waachwe wakue.

Leo, Jumatano tarehe 12 Februari 2025, baada ya sala na kabla ya udongo, Lameck ataita jina la marehemu mara moja. Rubugo itakuwa chini yake, ikiwa imekunjwa kama ilivyokutwa. Waombolezaji wote wanaombwa kunyamaza na kusubiri, kama yeye alivyotusubiri sisi njiani. Mzee Aristides atakuwa karibu na kichwa. Asiwepo mtu wa kumjibia. Wenye majembe watangoja hadi Lameck, ambaye anajua kimya cha mtu anayetafuta neno na kimya cha mtu aliyemaliza, atakapoinua mkono.

Apumzike kwa amani, akiridhia mwenyewe.