Tjitske Rinsma, Aliyekagua Nyasi Kabla ya Karatasi

Tjitske Rinsma alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 kijijini Wommels, mkoani Friesland, mtoto wa kwanza wa mfugaji Sybren Rinsma na mkewe Aukje. Alisoma hapohapo, kisha chuo cha kilimo, akahitimu mwaka 1978. Mwalimu mmoja aliandika kwenye ripoti yake: "Haamini kitabu." Mama aliona aibu. Tjitske aliibandika ukutani chumbani kwake.

Tarehe 5 Mei 1984 alifunga ndoa na Wiebe, fundi wa mashine za kukamulia. Wiebe alipomposa, Tjitske alimuuliza, "Umewaambia wangapi hivi?"

"Wawili. Wote walikataa."

Alisema hiyo ndiyo takwimu pekee aliyowahi kuikubali bila kwenda kuikagua.

Alipima maziwa mashambani hadi mwaka 2006, benki ilipomwajiri ahakiki taarifa za wafugaji walioomba mikopo ya riba nafuu kwa kutunza mazingira. Sharti mojawapo lilikuwa kutokata nyasi kabla ya tarehe 15 Juni, ili ndege wanaotaga ardhini waangue. Tjitske alishuku kila jedwali lililokuwa safi mno. Shamba lisilo na mwaka mbaya hata mmoja, alisema, limelimwa mezani.

Tarehe 20 Juni 2014 alifika kwa mdogo wake Douwe, yaani mimi ninayewasomea haya.

"Hukukata nyasi mpaka tarehe kumi na tano?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, dada."

"Sijauliza kilichoandikwa."

Aliinama, akapima machipukizi kwa kiganja. Yalikuwa ya wiki tano. Kando ya mtaro akaokota maganda ya mayai yaliyopondwa na mashine.

"Utamfanyia hivi ndugu yako?"

"Benki ikigundua uongo wako baadaye, Douwe, haitamwamini tena hata jirani yako anayesubiri kweli."

Mkopo ukakataliwa, zizi jipya halikujengwa. Sikuzungumza naye miaka minne. Mwaka 2018, baada ya misimu miwili ya kusubiri kweli, nilimwandikia kwamba nina viota kumi na tisa. Alikuja na mabuti yake, akatembea kutwa nzima.

"Nimeona kumi na saba. Viwili viko wapi?"

"Mbweha."

"Nionyeshe manyoya."

Nikamwonyesha. Ndipo akakubali kahawa.

Novemba 2022 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Daktari alimkadiria miezi sita. "Kwa wastani wa wagonjwa wangapi?" akauliza, na jibu halikumridhisha. Alifariki nyumbani tarehe 2 Februari 2023, Wiebe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, Wiebe, watoto wawili, Hiske na Jelmer, wajukuu watatu, na mimi mdogo wake. Wasifu huu, isipokuwa habari za kifo chake, aliupitia mwenyewe wiki mbili kabla ya kutuacha. Alisahihisha tarehe moja, akafuta sentensi mbili zilizomsifu, akaandika chini: "Mengine ni kweli."

Dada, pumzika sasa kwa amani.