Gathogo na Chombo Kisichotua

Hamjambo, wasikilizaji wapendwa, popote mlipo, jikoni, dukani au shambani. Sogezeni redio karibu kidogo. Leo tunamkumbuka mtu ambaye kukaa kitako kwake kulikuwa adhabu. Jina lake ni Gathogo wa Kabiru. Nasema tena, Gathogo wa Kabiru, mchoraji. Alitutoka Jumanne iliyopita hapa Eldoret, akiwa na miaka arobaini na minane.

Wengi wenu mlimjua bila kumjua. Ukinunua sukari katika duka lenye kibao cha herufi nyekundu zenye kivuli cha bluu, herufi hizo ni za Gathogo. Lakini kilichompa jina ni chombo cha angani. Kwa miaka mitatu, kuanzia mwaka wa sabini, alichora chombo hicho kila wiki katika gazeti dogo la hapa mjini. Mnakumbuka? Msijifanye hamkumbuki. Mlikuwa mnaikata ile picha na kuibandika ukutani kwa uji.

Alikuja huku kutoka Nyeri mwaka wa sitini na nne, na mke wake Mwihaki na mtoto wao mkubwa, Kabiru. Uhuru ulikuwa mbichi. Watu walikuwa wanaungana, wananunua mashamba ya wazungu, wanagawana, wanahama. Gathogo naye akajiunga na chama kilichokuwa kikitafuta shamba upande wa Burnt Forest. Wakati wa kungoja walipanga chumba kimoja mjini, na kungoja ndiko kulikomchoma.

"Baba Kabiru alikuwa anakula akiwa amesimama," Mwihaki anatuambia. "Nikimwambia aketi, anaketi, lakini mguu unaendelea na safari."

Basi mwaka wa sitini na tisa redio zikatangaza kwamba binadamu amekanyaga mwezi. Siku hiyo Gathogo aliacha kibao cha mteja nusu, rangi ikamkaukia kwenye brashi. Akajiuliza: kama mwezini kunafikika, kwani shamba haliwezi kupatikana huko mbele? Hapo ndipo hadithi ilipozaliwa. Watu waliokosa ardhi duniani wanapanda chombo, wanaenda kutafuta shamba katika nyota ya mbali.

Na chombo chenyewe! Kirefu, chembamba, pua kali, mabawa manne yaliyopinda kwa nyuma, kinang'aa kama sufuria mpya. Mlango aliuweka juu kabisa, karibu na pua, kwa sababu hapo ndipo ulipopendeza.

Barua zikaanza kuja. Mwalimu mmoja, Nicholas, aliandika kwamba huko juu hakuna hewa, basi mabawa yanapiga nini? Gathogo akamjibu gazetini: "Mwalimu, jogoo haruki kwa mkia. Haya, ukate uone kama mitetea itamtazama." Mji ukacheka wiki nzima.

Barua ya pili haikumchekesha. Ilitoka kwa mama mmoja wa Kimumu, Leonida. Aliandika hivi: "Bwana mchoraji, chombo chako ni kizuri kama bibi harusi. Lakini mimi ni mja mzito, miezi minane. Mlango uko juu ya ghorofa ya tatu. Nitapanda na nini? Na mbuzi wangu je?"

Gathogo aliikunja barua ile, akaikunjua, akaikunja tena. Nyumbani akamsomea Mwihaki akitarajia kuungwa mkono. Mwihaki alikuwa anachambua maharagwe.

"Huyo mama amesema kweli," alimwambia. "Baba Kabiru, wewe umewahi kuhama, lakini hujawahi kupakia. Tulipotoka Nyeri mimi ndiye nilipakia ile lori. Kitu utakachohitaji kwanza ukifika, unakipakia mwisho. Moto, blanketi, sufuria, maji. Hivyo vinakaa mlangoni. Sasa kwa hiki chombo chako blanketi ziko wapi?"

"Ziko ndani."

"Ndani wapi?"

Gathogo alikuwa amechora nje tu. Miaka miwili ya picha, na ndani ya chombo kulikuwa tupu kama ngoma.

"Mama," akasema kwa ukali, "mtu haachi kwao apande ghala la mahindi. Anapanda kitu kinachomvuta roho. Uzuri ndio unamwinua!"

Mwihaki akaendelea na maharagwe yake. Na hapa nisimwonee marehemu, wasikilizaji wapendwa. Hata mimi ningepanda kile chenye mabawa.

Aprili ya mwaka wa sabini na mbili, zamu yao ikafika. Shamba limepatikana, vipande vimegawanywa, hamieni Burnt Forest. Wakati huo walikuwa na binti mchanga, Wamucii, wa miezi mitano. Nasema tena, miezi mitano. Dereva wa lori alikuwa Wepukhulu, mtu wa Bungoma, mzoefu. Naye Gathogo akasema leo anapakia yeye.

Akapakia kama anavyochora. Blanketi, jiko, sufuria na taa vikaenda chini kabisa, nyuma ya kichwa cha lori. Vitanda juu yake. Halafu mwisho, kwenye mlango, vikakaa viti vya sofa na kabati la vioo, vikitazama nje, ili majirani wapya waone watu wamefika.

"Mzee, hii kabati ingekaa ndani," Wepukhulu alimwambia. "Mvua iko karibu."

"Funga kamba, twende."

Mwihaki alitaka kusema. Anasema aliutazama uso wa mumewe, ukiwa na furaha ambayo hakuwa ameiona tangu Nyeri, akanyamaza. Mpaka leo anajuta.

Burnt Forest mnaijua. Baridi ya kule inauma kama ina meno. Walipoacha barabara na kuingia njia ya shamba, mvua ikashuka yote kwa pamoja na lori likazama kwenye tope hadi ekseli. Maji yakapita kwenye turubai. Mwihaki alishuka, akateleza na mtoto kifuani, wakaloa wote wawili. Blanketi kavu zilikuwepo, lakini chini. Kabati halingeweza kushushwa kwenye tope lile bila kuvunjika, na kamba zilikuwa zimevimba kwa maji. Gathogo alizing'ang'ania kwa kucha na meno. Wamucii aliacha kulia. Midomo ikaanza kubadilika rangi.

Ndipo mama mmoja akatokea upande wa pili wa ua. Jina lake ni Jeruto. Alizaliwa kwenye shamba lile, baba yake akichunga ng'ombe wa mzungu. Hakuuliza ninyi ni nani. Alimvua mtoto nguo zote, akamweka kifuani ngozi kwa ngozi, akajifunika shuka lake zito. Kisha akamtazama Gathogo, aliyekuwa bado na kamba mkononi.

"Mtoto niko naye," akasema. "Wewe endelea na kabati."

Wamucii alipona. Yuko hai, ana miaka saba, na anatusikiliza sasa hivi. Lakini maneno yale yalimwingia baba yake. Kabati lile la vioo alilipasua kwa shoka wiki ile ile, na mbao zake zikawa kiota cha kuku.

Akarudi kwa chombo. Akakiharibu chote. Kikawa kifupi, kipana, kimesimama juu ya miguu kama ghala la mahindi, mlango chini, ngazi pana ya kupandisha mbuzi, blanketi na moto pale pale unapoingia. Mhariri alishika kichwa. Watoto waliacha kununua gazeti. Mwihaki akaitazama picha ile.

"Kwa hiki nitafika," akasema. "Lakini sitaki kupanda."

"Unataka nini basi, mama?"

"Nataka vyote. Kwani wewe mchoraji wa nini? Hata hii nyumba ya matope, nipakie mlango rangi nyekundu. Nikiamka hapa nikiona tope peke yake, nitarudi kwetu."

Alipaka mlango kabla nyumba haijaezekwa. Na chombo akakichora upya mara kumi na moja, akitembea huku na huku, karatasi zikimfuata. Mwishowe kikabaki na tumbo la ghala, pua nyekundu, na bawa moja lisilo na kazi yoyote. Barua ikaja kutoka Kimumu: "Nilizaa salama, mvulana. Sasa tumepanda sote. Lile bawa usilitoe."

Gazeti likapata wasomaji tena. Kilichobaki ni kutua. Wiki ikapita, chombo kinazunguka juu ya ile nyota. Wiki nyingine, kinazunguka. Wasomaji wakanung'unika. Mhariri akampa wiki tatu, Gathogo akaleta picha tatu za kuzunguka. Hadithi ikakatwa. Mjini wakasema amefilisika mawazo, naye hakujitetea. Alirudi kwenye vibao, na viazi, na kula akiwa amesimama.

Wiki iliyopita alikuwa hospitalini. Mwihaki alikuwa kando ya kitanda, na Jeruto alikuwa amemletea maziwa. Mwihaki akamuuliza swali ambalo sisi sote tulikuwa nalo. Mbona hukukitua?

"Nilijua kupakia," akajibu. "Kuruka nilijua. Lakini kule chini kulikuwa na wenyewe. Sikujua kubisha hodi. Sikujua wangesema nini."

Jeruto akaweka kibuyu chini. "Mzee, miaka saba niko ng'ambo ya ua wako. Ungeniuliza."

Gathogo akamtazama. "Ulisema nini siku ile, ulipotuona tukifika?"

"Nilisema, hawa wana mtoto. Halafu nilisema, wamesimamisha lori yao pale ng'ombe zetu zinakunywa maji."

Mwihaki anasema kwa mara ya kwanza miguu ya mumewe ilikuwa imetulia chini ya shuka. Kisha akasema, "Basi tungetua chini kidogo, mbali na maji."

Alifariki siku iliyofuata.

Mama Kabiru, poleni sana. Kabiru, Wamucii, poleni. Mama Jeruto, wewe pia umefiwa, pole. Mazishi ni Ijumaa, Burnt Forest, saa nne asubuhi. Na sisi tuliofika mahali tukakuta watu, tufikirie wiki hii ni jirani gani hatujawahi kumuuliza alisema nini siku tulipofika. Nendeni mkaulize wangali hai. Mungu amlaze Gathogo wa Kabiru mahali pema.