Dkt. Lorna Marigu Muthamia, Mlinzi wa Siri za Watu (1974–2025)

Dkt. Lorna Marigu Muthamia alizaliwa tarehe 14 Machi 1974, Karurumo, Kaunti ya Embu, kitinda mimba wa marehemu Mzee Elphas Munyi na Mama Njoki. Alimfuata kaka yake Ndwiga, aliyeandika wasifu huu na anayeusoma leo. Mwaka wa 1983 Ndwiga aliivunja redio ya baba. Lorna aliona, akakataa kumtaja, na wote wawili wakachapwa. Baba alifariki bila kujua. Mama anasikia leo kwa mara ya kwanza.

Alisoma shule ya msingi nyumbani, kisha shule ya bweni Embu mjini. Alipata shahada ya sheria mwaka wa 1998 na ya uzamifu mwaka wa 2011, kwa utafiti kuhusu siri za wateja wa benki. Akina mama wa kanisa walimuuliza kama miaka hiyo yote ilikuwa ya kusomea siri tu. Akawajibu kwamba ndiyo, na haikutosha.

Kwa miaka ishirini na moja alifundisha chuoni sheria ya benki na haki za watumiaji. Aliziandama kampuni za mikopo ya simu zinazochukua majina yaliyo kwenye simu ya mkopaji na kuwapigia hata wakwe zake. Kila kesi aliianza kwa swali moja: huyu mtu aliulizwa? Wanafunzi walimwita Madam Ridhaa, wakidhani hajui. Hata kwa Maxine, wakala wa pesa za simu pale Karurumo, daftari la wateja lilimkera, kwa kuwa lilikaa wazi na namba za vitambulisho vya kijiji kizima. Akakata kadibodi yenye mwanya wa mstari mmoja, ili ukiandika yako usisome ya wenzako. Tulimcheka sana. Maxine anaitumia mpaka leo.

Tarehe 18 Desemba 2004 alifunga ndoa kanisani Runyenjes na Mwalimu Mwiti Muthamia wa Nkubu. Walijaliwa Nkirote na Munyi.

Alianza kuugua Mei 2024. Aliomba ugonjwa wake usitajwe kwa watu, na nje ya nyumba yake alimwambia Ndwiga peke yake, kwa sababu ya ile redio.

Novemba, gharama za hospitali zilipotushinda, tulifungua kundi la WhatsApp la mchango, kama familia zote hufanya. Watu walikuwa wazito. Mmoja akaandika kwamba huwezi kuchangia mgonjwa usiyemwona. Ndwiga akatuma picha ya dada yake akiwa kitandani, kisha ripoti ya daktari, kurasa zote nne. Mchango ukaanza kuingia mara moja. Kabla ya jioni, mwanafunzi wake wa zamani kutoka Kianjokoma alikuwa amemrushia Lorna mwenyewe picha hiyo, akimpa pole.

Ndwiga alimkuta ameshika simu.

"Uliniuliza?" Lorna akasema.

Ndwiga alieleza kwamba alitaka watu wasaidie, na kwamba alikuwa ameshafuta.

"Umefuta kwako. Hao wengine utawatoa aje?"

Lorna hakumgombeza. Alimwomba muuguzi avute pazia, na tangu siku hiyo hakutaka kuona mgeni, hata Ndwiga. Alifariki tarehe 9 Februari 2025, saa nne asubuhi, hospitalini Meru. Ndwiga alikuwa amesimama nje ya mlango.

Amewaacha mumewe Mwiti, wanawe Nkirote na Munyi, mamake Njoki, na ndugu yake Ndwiga. Picha iliyo kwenye jalada aliichagua mwenyewe. Familia inaomba watu wasitoe simu kupiga picha kaburini.

Jina la ugonjwa halimo katika karatasi hii. Kila aliyeketi hapa analijua, kwa hivyo kulificha hakumsaidii tena. Ndwiga amelificha hata hivyo.

Mungu amsitiri, maana sisi tulishindwa.