Honi Mbili za Mzee Mwishehe

Kijiwe chetu cha Sofu kipo pale njia ya vumbi inapoingia barabara kubwa. Ni benchi moja, birika la kahawa la Jabiri, na kikaango changu cha vitumbua kwa nyuma. Mimi huwa sisemi, nageuza vitumbua tu. Asubuhi hii Mzee Mwishehe, mwenye miaka sabini na nane, alisimamisha Korola yake hapo, akasema anakwenda Kisarawe, akapiga honi mbili kama kawaida yake. Wanakijiwe wakapaza sauti: "Pita, mzee!" Akapita. Kwenye kiti cha nyuma alikaa mwanangu Mboni, wa miaka sita, anakwenda likizo kwa bibi yake hukohuko Kisarawe. Lifti ya bure. Nilishukuru sana.

Anselmi, mpangaji mgeni aliyehamia wiki hii, akapokea kikombe.

— Samahanini, mbona mmempigia kelele yule mzee?

— Si kelele, ni kazi, akasema Trafiki, ambaye hajawahi kuvaa sare yoyote. Mzee haoni mbali. Akipiga honi, sisi tunaangalia magari, tunamwambia pita au subiri. Mwaka wa pili huu, hata mkwaruzo hakuna!

Kitumbua kikaniungulia. Siku zote nilidhani ni salamu.

— Haoni kabisa? akauliza Anselmi.

— Anaona, bwana. Ila lori analiona likishafika.

— Si mumwambie aache gari?

— Nani amwambie? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ndiyo maana sisi wadogo tunanyamaza.

— Na wanawe?

— Ashrafu alimfichia funguo. Mzee akaenda kumshtaki msikitini, mbele ya watu wote. Ashrafu akazirudisha huku analia.

Injinia, fundi redio, akaingilia.

— Mnawaza kizamani nyie. Miaka mitano ijayo gari litajiendesha lenyewe. Mzee analala, akiamka yupo kijijini Dutumi.

— Na likikutana na ng'ombe wa Dutumi?

— Litapiga honi.

— Mbili?

Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika.

— Mimi nasema wazee wajengewe barabara yao, akasema Daktari, muuza mitishamba. Pembeni yatandikwe magodoro. Haba na haba hujaza kibaba: wakigongana kidogo kidogo, hawafi.

— Magodoro ya nini! Trafiki akadakia. Kila njia panda liwekwe benchi na birika. Vijana wapate ajira ya kusema pita!

Anselmi hakucheka. Aliweka kikombe chini.

— Amesema anakwenda Kisarawe. Akifika Kiluvya anakata kulia, na malori yanamjia usoni. Pale akipiga honi, nani atamjibu?

Trafiki akamtazama Injinia. Injinia akamtazama Daktari. Daktari akatazama ndani ya kikombe chake, na kilikuwa kitupu.

— Basi mpigieni simu, akasema Anselmi.

— Yupo barabarani, kaka, Jabiri akasema taratibu. Na simu ikilia, mzee huitafuta mfukoni kwa mikono yote miwili.

Mimi nilikuwa nimeshaitafuta namba yake. Kidole kikabaki juu ya kitufe cha kijani. Nikawatazama wote pale kwenye benchi. Hakuna aliyeniambia pita wala subiri.